Kura ya Kutazama Ukuta

Mapinduzi yaliandaliwa nyumbani kwangu, sebuleni, na bila mimi yasingewezekana. Nasema hivyo kifua mbele. Ukweli ni kwamba mimi nilipika chai tu, nyumba ilikuwa ya kaka yangu, na mapinduzi yenyewe hayakutokea. Lakini chai ilikuwa nzuri, na hilo hata polisi walilikubali siku walipokuja kupekua.

Kilichotokea ni mgomo wa kiwanda cha viatu. Kaka yangu alikuwa mkata ngozi pale, na wenzake walimchagua awe Mwenyekiti wa kikundi chao cha siri. Jina likamganda. Leo ni mzee asiye na magego, lakini nikitaka aje mezani lazima niite "Mwenyekiti!" La sivyo anajitia hamnazo, chakula kinapoa.

Kikundi hakikuwa kikubwa. Alikuwepo Gundi, aliyepaka gundi chini ya soli tangu ujana wake, na pua yake ikafa kazini. Unaweza kuunguza sufuria mbele yake naye akakuuliza chakula kitaiva lini. Alikuwepo Sindano, mwanamke wa cherehani, mwembamba na mchomaji kwa maneno. Alikuwepo Profesa, karani wa bohari, ambaye hakuwa profesa wa chochote ila alisoma vitabu vinene na kuvifunika kwa magazeti ya michezo. Na alikuwepo Kisigino, aliyepigilia visigino. Huyu amekufa siku nyingi, lakini ugomvi wote huu ni wake.

Walikutana kwetu Jumapili, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo majirani wamelala na polisi nao ni binadamu. Profesa alisoma, kisha akaeleza kwa maneno ya watu. Hivyo ndivyo nilivyosikia, huku nikipanguza vikombe, habari za watu wa mbali waliokata vichwa vya wafalme halafu wakaanza kukatana wao kwa wao; na wengine waliowatoa mabwana kwenye viti, wakavijaribu viti, wakaona vinakalika. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini mambo hayo hayakunipa taabu kuyaelewa. Katika ukoo wetu yaliwahi kutokea vile vile, juu ya kiwanja.

Swali lililowagombanisha kuliko yote lilikuwa moja: inaruhusiwa kumdhulumu mtu mmoja ili wengi wapone?

Kaka alisema inaruhusiwa, tena ni wajibu. Kisigino akakataa.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "ule mguu wa mti tunaoshonea viatu, ukichukua wa kushoto, kiatu cha kulia hutakipata. Utavuta ngozi, utapiga nyundo, utatukana. Kitatoka cha kushoto tu."

"Wewe akili yako iko kwenye visigino."

"Ndiko inakolipwa."

Profesa alisema majibu yote mawili yamo vitabuni, na waliosema ndiyo na waliosema hapana wote walifungwa jela.

"Basi tuchague jela yenye madirisha," Sindano akasema, na mkutano ukafungwa kwa kicheko. Walikuwa vijana. Walicheka kwa mambo ambayo baadaye hayakuchekesha.

Sasa nieleze utaratibu wao wa kura, maana hapo ndipo pana kisa. Profesa alikuwa amesoma mahali kwamba katika vikundi vya siri mtu asijue mwenzake amepiga kura gani, ili akikamatwa na kubanwa asiwe na cha kutapika. Wakaamua hivi: wapiga kura wanasimama sebuleni wakielekea ukuta, pua karibu na chokaa, na anayekubali anainua mkono. Mwenyekiti peke yake anabaki nyuma yao, anatazama, anatangaza. Tena adhabu ya mwenzao haipiti ila mikono yote ipande. Mmoja ukibaki chini, basi. Walijivunia utaratibu huo kama mtoto anayejivunia jino jipya. Walikuwa wamesoma habari za wafalme mwaka mzima, lakini hakuna aliyeuliza ni nani atakayemtazama mtazamaji. Mimi sikuwepo hata kuuliza. Siku za kura nilitumwa dukani, maana sikuwa mwanachama.

Siku chache kabla ya mgomo, vijana wawili wa idara ya kukata walitumwa kuandika maneno makali kwenye ukuta wa kiwanda. Asubuhi yake wakakamatwa getini, kofia zikiwa bado kichwani. Kikundi kikaingiwa na baridi. Nani amesema?

Baada ya miaka mingi, mlinzi mmoja mstaafu alitueleza bila hata kuulizwa. Hakuna aliyesema. Wale vijana waliandika kwa rangi nyeusi ya viatu, na rangi ile huitoi mkononi kwa maji wala sabuni. Mlinzi aliwaambia wote waoneshe viganja. Wakata ngozi hawashiki rangi kazini. Wawili wakawa na mikono kama masizi. Kila mtu kiwandani alijua rangi ile haitoki, lakini waliopanga kazi ile walikuwa wakiwaza mambo makubwa.

Wakati huo, hata hivyo, alihitajika mtu. Kisigino alikuwa ameonekana akizungumza na msimamizi pembeni, kwa sauti ya chini. Alikuwa akiomba ruhusa. Mkewe alikuwa karibu kujifungua. Kura ikapigwa yeye hayupo. Watatu wakaelekea ukuta: Gundi, Sindano na Profesa. Mwenyekiti akatangaza kwamba mikono yote imepanda.

Adhabu ilikuwa kunyimwa salamu. Msicheke. Hakupigwa wala hakutolewa kazini. Ilipitishwa tu, kiwandani na mitaani kwetu, kwamba asisalimiwe wala asiitikiwe. Kisigino alikuwa mtu wa kumsalimu mtu, kisha watoto wake, kisha kuku wake. Alisimama getini kila asubuhi, "Habari za kwenu, ndugu?" na ndugu wakatazama juu kana kwamba wanakagua mvua. Mkewe alijifungua, majirani wakapita na ndoo zao. Aliendelea kusalimu muda mrefu kuliko mtu mwingine angeweza. Halafu akaacha kiwanda, akaenda kupasua mawe kwenye machimbo, kifua kikaharibika kwa vumbi. Siku ya mazishi watu wa kiwanda walisimama upande wa pili wa barabara. Hata kaburini hakupewa salamu.

Mgomo nao ulishinda. Lazima niseme hilo pia. Yalipatikana mabomba ya maji ya kunawa, na chumba cha gundi kikatobolewa madirisha. Gundi anapumua leo kwa sababu ya madirisha yale. Walioingia kazini kabla yake karibu wote wamelala. Kaka husema kwamba bila kumtoa mtu, watu wangeendelea kutazamana kwa jicho la pembeni na mgomo ungevunjika siku ya kwanza. Huenda. Mimi siwezi kumbishia kwa jambo ambalo halikutokea.

Tulikaa hivyo hadi tukazeeka. Mlinzi akasema aliyosema, wenzetu wakaanza kumsalimia mjane wa Kisigino, na yeye akaitikia. Sisi sote twamwita Shemeji, hata mimi ambaye si shemeji yangu kwa njia yoyote ya halali.

Mwaka huu chama cha wafanyakazi kimejenga ukumbi, na mlangoni patawekwa ubao wenye majina ya waanzilishi. Viongozi wa sasa, vijana wa suti nyembamba, walikuja kumwomba kaka majina. Wakadokeza kwamba siku hizi kinachotakiwa ni maridhiano, na ingependeza Kisigino naye aonekane. Kaka akafikiri kidogo, si sana, akaona kwamba ingependeza kweli. Akavaa koti, akaenda kwa Shemeji kumpa habari njema.

Akarudi anatabasamu.

"Amekubali?" nikamuuliza.

"Amekubali, ila kwa sharti. Anasema mumewe alitolewa kwa kura, arudishwe kwa kura. Vile vile kama zamani, uso ukutani, kauli moja. Mwanamke ana nidhamu yule! Angekuwa mwanachama."

"Hamkutaka wanawake wengi."

"Alikuwepo Sindano."

"Sindano mlimtaka kwa sababu mlimwogopa."

Alikuwa ameshaanza kutafuta kile kikoti chake cha mikutano.

Keshoye Shemeji akaja kwangu jikoni, akavuta kigoda, akachukua kisu na kuanza kunisaidia kumenya vitunguu. Ni mwanamke asiyekaa bure kwenye nyumba ya mtu.

"Shoga," akasema, "unajua wote watatu wameshakuja kwangu?"

"Wote? Kwa pamoja?"

"Thubutu! Kila mtu na siku yake, kila mtu na sauti yake ya chini. Gundi alikuja tangu mwaka juzi. Akalia. Akasema, 'Shemeji, mimi siku ile sikuinua mkono. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyebaki chini. Nikaona aibu kusema.' Baadaye akaja Sindano: 'Sikuinua. Nilidhani ni mimi peke yangu.' Mwezi uliopita Profesa. Maneno yale yale, ila yeye alitia na vitabu."

"Kumbe mikono ilipandishwa na upepo!"

"Ndiyo hivyo." Akacheka, kisha akafuta macho, akasingizia vitunguu. "Sasa mimi nifanye nini na viapo vitatu? Ama wote watatu wananidanganya, nimekuwa nikiwaandalia viti waliomuua mume wangu. Ama wote wanasema kweli, na mwongo ni mmoja, na namjua. Jina ubaoni silikatai. Lakini nikifa, nataka niende na jambo moja ninalolijua: rafiki zake walimtupa, au hawakumtupa?"

"Na hiyo kura itakuambia nini? Safari hii watainua wote. Nani atakayekataa?"

"Nimewaomba wasiinue."

Kisu changu kikasimama.

"Wote watatu nimewaomba," akasema. "Mikono ikae chini, wasubiri. Kama kaka yako ni mtu wa kuhesabu, atasema hakuna mkono hata mmoja. Hapo nitajua alihesabu na siku ile, na hawa watatu ni waongo wakubwa, na jina la mume wangu haliendi ubaoni, maana kura imekataa. Nitayapata yote mawili kwa mpigo."

"Shemeji, unamtia marehemu kwenye kamari."

"Alitiwa zamani. Mimi natazama tu jinsi inavyochezwa." Akachukua kitunguu kingine. "Profesa amegoma kidogo. Ameniambia si haki kumtega mtu, hata mwongo. Kwamba njia mbaya itaharibu hata ukweli wenyewe. Nikamwambia, baba, hayo ungeyasema siku ile ungenisaidia sana."

"Akasemaje?"

"Akaomba maji."

Nilikaa na siri hiyo nyumba moja na kaka yangu hadi Jumapili, na mtu asiyenifahamu angedhani nilipata taabu. Nililala vizuri. Jambo moja tu nililifanya, maana naye ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Jumamosi, akiwa anapiga pasi koti lake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mgomo, nikamuuliza:

"Kaka, siku ile ya Kisigino. Mikono yote ilipanda?"

"Iko kwenye historia."

"Sikuuliza historia. Nimekuuliza wewe."

Akaiweka pasi wima.

"Mdogo wangu, uongozi si kutazama mikono. Mkono unapanda kwa kuogopa, unashuka kwa kuogopa. Kiongozi anatazama mbele, anaona wakati unataka nini. Siku ile wakati ulitaka nidhamu. Leo unataka maridhiano. Si mimi, ni wakati."

"Na wakati huo unazungumza na wewe peke yako?"

"Ndiyo maana nikachaguliwa," akasema, akarudi kwenye pasi. Alikuwa ameunguza mkono wa koti.

Jumapili wakaja. Ilikuwa mchana mweupe, jua limepenya dirishani hadi ukutani kwenyewe. Gundi alikuja na fimbo, Sindano na mjukuu aliyemfikisha akaondoka, Profesa na kitabu alichosahau kukifungua. Walisalimiana mara mbili mbili, kama watu wanaosubiri matokeo ya hospitali. Nikawagawia chai. Gundi alipewa kikombe kikubwa na kisosi, kwa kuwa mkono wake hutetemeka kila unaponyanyuka na sitaki zulia langu lipakwe rangi.

Kaka alisimama na koti lake lililoungua. Alizungumza vizuri, lazima nimpe haki yake. Alisema historia ni mto, una kona zake. Alisema harakati iliyo hai hujisahihisha yenyewe. Alisema makosa, kama yalikuwepo, yalikuwa ya wakati wala si ya mtu. Sindano akakohoa. Halafu kaka akatutazama mimi na Shemeji.

"Wasio wanachama watupishe."

"Dukani siendi," nikamwambia. "Magoti hayo ya kwenda dukani nilikwisha kuyatumia yote kwenye kura zenu."

Basi tukapelekwa jikoni, na pazia likashushwa. Pazia lile nililishona mwenyewe, jembamba kuliko mlango. Niliyaona yote kama nimekaa mstari wa mbele. Shemeji hakuchungulia. Alisimama katikati ya jiko, mikono imeshikana tumboni, anatazama sakafu.

"Ndugu," sauti ya kaka ikasikika, "elekeeni ukuta."

Wakageuka. Ilichukua muda, maana mmoja ana fimbo na mwingine ana kiuno. Gundi alisahau kuweka kikombe, akageuka nacho. Migongo mitatu ikapangana mbele ya ukuta: mmoja mpana, mmoja kama uzi, mmoja umepinda kwa vitabu. Waliokuwa wakifika kwenye shubaka la taa siku zile sasa hawafiki hata nusu.

"Anayekubali ndugu yetu Kisigino arudishiwe heshima yake na jina lake liandikwe ubaoni, ainue mkono."

Nilisikia matone ya bomba la jikoni. Mkono wa Profesa ulicheza. Ukapanda hadi mbavuni, nikaona basi, yamekwisha, mtu amekumbuka dhamiri yake siku isiyotakiwa. Ukasita pale. Kisha ukarudi chini taratibu, ukajificha mfukoni. Sindano alikuwa amekunja yake kifuani. Hakuna mkono uliopita bega la mtu.

Kaka aliwatazama. Nasema kweli tupu: aliwatazama vizuri, mmoja baada ya mwingine, na macho yake yangali mazima kuliko yangu. Nikaona uso wake ukishangaa. Hapo palikuwa na nafasi kubwa kabisa, nafasi ambayo gari lingepita, ya mtu kusema alichokiona. Nilimwombea. Kisha bega likanyooka ndani ya koti, na ile sauti yake ya mikutano ikatoka, ya joto na ya uhakika.

"Mikono yote imepanda. Kwa kauli moja. Hongereni, ndugu."

Hakuna aliyegeuka. Ndivyo ilivyokuwa hata siku ile, nadhani. Kila mmoja amesimama na ukuta wake.

Nikamgeukia Shemeji kumwambia nilichokiona. Hakuningoja. Alikuwa ameshapangua pazia, ameshaingia sebuleni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupokea mgeni.

"Ahsante, Mwenyekiti," akasema. "Ahsante sana. Umenifurahisha."

"Ni haki yako, shemeji. Ni harakati yenyewe imesema."

"Yote imepanda?"

"Yote."

"Hakuna aliyesitasita?"

"Hata mmoja. Ilikuwa kama mkono wa mtu mmoja."

"Na nani alitangulia? Nataka nikamwambie marehemu."

Kaka akatabasamu. Alimpenda Gundi kweli, nadhani alitaka kumpa zawadi.

"Gundi. Hata sijamaliza kusema, wake uko juu."

"Mkono gani?"

"Wa kulia, shemeji. Juu kabisa. Umenyooka."

Ndipo Gundi akageuka. Aligeuka polepole, kwa hatua za mtu anayeogopa kumwaga, fimbo imening'inia kwenye kiwiko cha kushoto na kiganja cha kushoto kimeshika chini ya kisosi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekamata kikombe, kimejaa chai hadi ukingoni, na kisosi chini yake kilikuwa kikavu.